Aliyewasha Moto Alipe: Hoja ya Nchi Zinazoendelea katika Majadiliano ya Tabianchi

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kuna kifungu kifupi cha sheria ambacho tukikisoma haraka tunakiona cha kijijini mno. Mtu anawasha moto. Moto unashika miiba, unavuka mpaka na kuteketeza nafaka ya jirani, iwe imekwisha kurundikwa au ingali imesimama shambani. Sheria haiulizi kama mwenye moto alikusudia. Haiulizi kama jirani ni maskini wa kuhurumiwa. Inasema tu kwamba aliyewasha moto lazima alipe.

Kwa sisi tuliokulia vijijini jambo hili halihitaji ufafanuzi. Kila mwaka kabla ya mvua watu huchoma majani wakiandaa mashamba, na kila mwaka kesi moja au mbili hufika mbele ya wazee: moto umeruka, migomba ya fulani imeungua. Wazee hukaa, hutembelea shamba, huhesabu mashina, kisha husema kiasi. Sijawahi kumsikia mzee hata mmoja akimwambia mwenye migomba ashukuru kwa msaada aliopewa.

Nimeanza hapa kwa sababu ya swali aliloniuliza frateri mmoja katika kipindi cha Mafundisho Jamii ya Kanisa. Tulikuwa tukizungumzia mikutano ya Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ile inayojulikana kwa kifupi kama COP. Akasema: "Padre, kila mwaka viongozi wetu wanapanda ndege kwenda kuomba fedha. Si ni aibu?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo ndilo hasa linalobishaniwa huko kwenye meza ya majadiliano kwa zaidi ya miaka 30: je, nchi maskini zinaomba, au zinadai? Padre wa parokia asipolielewa, atawahubiria waamini wake unyenyekevu mahali ambapo Maandiko yanazungumzia malipo.

Madai yalipoanzia

Vanuatu ni nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, yenye watu wasiofika laki nne. Mwaka 1991, mkataba wa tabianchi ulipokuwa ukiandaliwa, Vanuatu ilizungumza kwa niaba ya Muungano wa Nchi za Visiwa Vidogo, uliokuwa umeundwa mwaka mmoja kabla. Ilipendekeza mfuko wa bima wa kimataifa. Nchi zenye viwanda zingechangia, kila moja kwa kadiri ya utajiri wake na kwa kadiri ya hewa ukaa inayotoa. Na visiwa ambavyo bahari ingevila vingelipwa. Hoja ilikuwa nyepesi kama ile ya Kitabu cha Kutoka: moto ni wenu, nafaka ni yetu.

Pendekezo lilikataliwa. Katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi, uliofunguliwa kwa saini mjini Rio de Janeiro Juni 1992, limebaki neno moja tu, "bima", katika kifungu cha 4, miongoni mwa mambo ya kufikiriwa baadaye. Hata hivyo nchi zinazoendelea zilipata kitu kikubwa katika kifungu cha 3: kanuni kwamba nchi zote zina majukumu ya pamoja lakini yanayotofautiana, kila moja kwa uwezo wake, na kwamba nchi zilizoendelea ndizo zitangulie kuchukua hatua. Msimamo wote wa nchi zetu tangu hapo unasimama juu ya sentensi hiyo.

Kuna jambo dogo la wakati huo ambalo napenda kuwasimulia wanafunzi. Nchi kadhaa za visiwa, zikiwemo Fiji, Kiribati, Nauru na Tuvalu, zilikubali mkataba lakini zikaambatisha tamko: kwamba kukubali kwao si kuachilia haki yoyote waliyo nayo katika sheria ya kimataifa kuhusu wajibu wa dola kwa madhara ya mabadiliko ya tabianchi. Ni kama mjane anayetia dole gumba kwenye karatasi ya kikao cha ukoo huku akisema mbele ya mashahidi: kikao nimekubali, shamba sijasamehe. Walijua kwamba karatasi hiyo ingehitajika siku moja. Tutaona.

"Sisi" ni akina nani?

Tunaposema nchi zinazoendelea tusidhani ni familia moja yenye mawazo mamoja. Nyingi huzungumza kupitia Kundi la 77 na China, lililoanza mwaka 1964 likiwa na nchi 77 na sasa lina zaidi ya 130. Ndani yake kuna kundi la nchi za Afrika, kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi (Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo, Kenya haimo), na visiwa vidogo. Lakini ndani ya Kundi la 77 imo pia Saudi Arabia, ambayo maisha yake ni mafuta, na India yenye makaa ya mawe, na China yenyewe ikiwa mshiriki wake. Tuvalu inataka dunia iache mafuta kesho asubuhi. Saudi Arabia haitaki neno hilo liandikwe. Wanakaa upande mmoja wa meza.

Umoja huo una faida, kwa sababu maamuzi hufikiwa kwa kukubaliana wote, si kwa kura, na nchi yenye wajumbe wanne haiwezi kuwa katika vyumba kumi kwa wakati mmoja usiku wa manane. Una gharama pia. Wakati mwingine kilio cha mdogo kimetumika kuwa ngao ya mkubwa, na nadhani ni afadhali tuliseme hili wenyewe kuliko kusubiri tuambiwe.

Aya ya 51

Novemba 2013 wajumbe walikuwa wanakutana Warszawa, Poland, siku chache tu baada ya kimbunga Haiyan kuipiga Ufilipino na kuua zaidi ya watu 6,000. Mjumbe wa Ufilipino, Yeb Saño, alilia mbele ya mkutano na kutangaza kwamba atafunga kula hadi kupatikane matokeo ya maana. Mkutano ule ukaunda chombo cha kushughulikia kile kinachoitwa "hasara na uharibifu", yaani yale madhara ambayo huwezi tena kuyazuia kwa kupunguza moshi wala kuyahimili kwa kujenga ukuta au kupanda mbegu ya muda mfupi: kisiwa kilichozama, mifugo iliyokufa, makaburi yaliyochukuliwa na maji. Chombo kiliundwa, fedha hakikupewa.

Miaka miwili baadaye, Desemba 2015, yalikuja Makubaliano ya Paris. Nchi za visiwa zilipigania mambo mawili: lengo la kuzuia joto lisipande zaidi ya nyuzi 1.5, na kifungu cha pekee kwa ajili ya hasara na uharibifu. Vyote viwili viliingia. Hicho cha pili ni kifungu cha 8. Wengi walishangilia. Lakini mwanafunzi wa sheria, na mwanafunzi wa teolojia ya maadili vilevile, hana budi kusoma hadi mwisho. Katika uamuzi ulioambatana na Makubaliano hayo, aya ya 51, imeandikwa kwamba kifungu cha 8 hakihusishi wala hakiwi msingi wa uwajibikaji kisheria au fidia. Nchi tajiri, Marekani ikiwa mbele, zisingetia saini bila maneno hayo.

Basi ndivyo ilivyokuwa: mkono mmoja ulikiri kwamba migomba imeungua, mkono wa pili ukaandika kwamba mwenye moto hadaiwi.

Novemba 2022, huko Sharm el-Sheikh, Misri, mwenyekiti wa Kundi la 77 alikuwa Pakistan. Miezi michache kabla, mafuriko yalikuwa yamewakumba Wapakistani milioni 33 na kuua zaidi ya 1,700. Hasara yote ilikadiriwa kuwa dola bilioni 30, katika nchi inayotoa chini ya asilimia moja ya gesijoto za dunia. Kundi lote lilishikamana, na alfajiri ya tarehe 20 Novemba mfuko wa hasara na uharibifu ukakubaliwa. Mwaka uliofuata, siku ya kwanza ya mkutano wa Dubai, mfuko ulizinduliwa, na hadi mkutano unaisha ahadi zilifika takriban dola milioni 700. Falme za Kiarabu na Ujerumani ziliahidi milioni 100 kila moja, Marekani milioni 17.5. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilijiondoa katika bodi ya mfuko huo.

Angalia namna jambo hilo lilivyowezekana. Kujadili mfuko kulikubaliwa kwa sharti kwamba si suala la uwajibikaji wala fidia. Kila anayechangia anachangia kwa hiari. Cha hiari leo kipo, kesho hakipo.

Haki kwanza, sadaka baadaye

Hapa ndipo Mafundisho Jamii ya Kanisa yanapotusaidia kumjibu frateri wetu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2411 na 2412, inazungumzia haki inayotawala mabadilishano kati ya mtu na mtu, na kusema kwamba kwa nguvu ya haki hiyo kilichochukuliwa isivyo halali hurudishwa kwa mwenyewe, na inatoa mfano wa Zakayo. Zakayo hakusema atawasaidia aliowadhulumu. Alitenganisha mambo mawili: nusu ya mali kwa maskini, hiyo ni sadaka, mara nne kwa aliowadhulumu, hayo ni malipo. Kama angechanganya hesabu hizo mbili angekuwa anatoa sadaka kwa fedha za watu.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, namba 51 na 52, alitumia neno "deni la ikolojia" kati ya Kaskazini na Kusini. Aliona kinyume cha kushangaza: deni la fedha la nchi maskini limegeuzwa kuwa kamba ya kuwatawala, ilhali deni la ikolojia, ambalo wadai wake ni maskini, hakuna anayelifuatilia kwa ukali huo. Namba 170 inachukua maneno ya maaskofu wa Bolivia kwamba nchi zilizonufaika na viwanda kwa gharama ya moshi mwingi zina wajibu mkubwa zaidi wa kutatua tatizo zililolisababisha. Alirudia hoja ya deni hili katika hati ya kutangaza Jubilei ya 2025. Na Kiti Kitakatifu, kilichokuwa mtazamaji kwa miaka mingi, kilijiunga rasmi na Mkataba wa 1992 na Makubaliano ya Paris mwaka 2022. Sasa kina kiti chake mezani.

Ukishakubali kwamba ni deni, mambo kadhaa hufuata ambayo hayafuati kama ni sadaka. La kwanza ni mikopo. Mwaka 2009, Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kufikisha dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020 kwa ajili ya tabianchi katika nchi zinazoendelea. Kwa hesabu za shirika lao wenyewe, OECD, kiasi hicho kilifikiwa kwanza mwaka 2022, na zaidi ya theluthi mbili ya fedha zilizotoka serikalini na katika benki za maendeleo ilikuwa mikopo. Aliyechoma ghala la jirani hawezi kumkopesha gunia la mahindi, kisha akasema amelipa. Huko Baku, Novemba 2024, nchi zinazoendelea zilitaka trilioni 1.3 kwa mwaka. Zikapewa ahadi ya bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, kutoka vyanzo vya kila namna, na hasara na uharibifu haukutengewa fungu lake. Mjumbe wa India alisimama kupinga baada ya nyundo kugongwa. Waliomsikia walipiga makofi, na uamuzi ukabaki ulivyo.

Pingamizi

Wanaopinga wana hoja, na tusizidharau. Wanasema: babu zetu waliochoma makaa ya mawe hawakujua. Maadili yetu yanamjua mtu huyo. Tunamwita mmiliki wa nia njema, aliyeshika mali ya mwingine bila kujua. Yeye hana dhambi, lakini akishajua, alichobakiwa nacho na kilichomtajirisha hakiwi chake. Tena zaidi ya nusu ya hewa ukaa yote iliyotokana na makaa, mafuta na gesi tangu viwanda vianze imetolewa baada ya 1990, mwaka ambao jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti yake ya kwanza. Kwa nusu hiyo, kutojua si udhuru.

Wanasema pia: mbona China? Hoja hii ina uzito zaidi. Orodha ya mwaka 1992 iliiweka China upande wa nchi zinazoendelea. Leo inatoa gesijoto nyingi kuliko nchi nyingine yoyote, ingawa kwa jumla ya historia Marekani bado ndiyo ya kwanza, karibu robo ya hewa ukaa yote. Qatar na Singapore nazo zimebaki upande huohuo wa orodha, na ni matajiri kuliko nchi nyingi za Ulaya. Maoni yangu ni kwamba kanuni ya majukumu yanayotofautiana haiumii ikitumika kwa hao pia. Kinyume chake, inapata heshima. Moto ni moto hata ukiwashwa na rafiki.

Ya tatu ni ya ushahidi: utajuaje kwamba ukame huu umetokana na moshi ule? Zamani hilo lilikuwa gumu. Siku hizi wanasayansi hupima. Pembe ya Afrika ilikosa misimu mitano ya mvua mfululizo tangu mwishoni mwa 2020; mifugo ya wafugaji wa Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya ilikufa kwa mamilioni. Aprili 2023 kundi la watafiti wa kimataifa lilieleza kwamba ongezeko la joto liliufanya ukame wa namna hiyo uwezekane kutokea angalau mara 100 zaidi. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Huko ndiko mashina ya migomba yanakohesabiwa.

Karatasi ya mjane

Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, watoto wa visiwa vile vilivyotia dole gumba kwa masharti, walianza kushawishi serikali zao zipeleke suala la tabianchi katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, mjini The Hague. Vanuatu ilibeba hoja hiyo. Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali kuomba maoni ya Mahakama, na tarehe 23 Julai 2025 majaji wote 15 walitoa maoni yao kwa kauli moja. Walisema kwamba kulinda tabianchi ni wajibu wa kisheria, si wa mikataba ya tabianchi pekee bali pia wa sheria ya kimataifa kwa jumla. Na kwamba dola inayovunja wajibu huo inaweza kudaiwa urejeshaji kamili, pamoja na fidia, endapo uhusiano kati ya kosa na madhara utathibitishwa.

Maoni hayo hayalazimishi kama hukumu. Hakuna aliyelipa senti kwa sababu yake. Lakini mlango ambao aya ya 51 ilijaribu kuufunga umeonekana kuwa na mlango mwingine pembeni, na wajumbe wa nchi zinazoendelea, ambao mwaka 2025 kundi lao la Afrika lilikuwa chini ya uenyekiti wa Tanzania, sasa wanaingia chumbani na karatasi ambayo hawakuwa nayo.

Fedha hizo ni za nani?

Sasa nimgeukie frateri wangu, maana hoja hii inakata pande zote mbili. Ikiwa fedha hizi ni sadaka kwa serikali, serikali itapanga itakavyo na kushukuru itakavyo. Ikiwa ni malipo, basi mwenyewe anajulikana: ni yule aliyeunguliwa. Fidia ya migomba haipelekwi kwa mwenyekiti wa kijiji. Mama wa Rufiji ambaye mpunga wake ulifunikwa na mafuriko ya Aprili 2024 hadaiwi shukrani na waziri wala na mfadhili, na ofisa atakayekula fungu lake hatakuwa amekula fedha za wafadhili. Atakuwa amemwibia mama huyo mara ya pili. Laudato si' namba 172 haikuzificha nchi maskini jambo hili: inazitaka zipambane na rushwa kwa nguvu zaidi, na zitazame anasa ya kashfa ya baadhi ya wenye nafasi wao. Nchi inayodai haki Baku na kuinyima Rufiji inaharibu kesi yake yenyewe.

Aprili 2025, Bridgetown, Barbados, bodi ya mfuko wa hasara na uharibifu iliidhinisha fungu la kuanzia la dola milioni 250, kwa njia ya ruzuku, angalau nusu yake ikiwa ya visiwa vidogo na nchi zenye maendeleo duni zaidi. Ni kidogo sana. Linganisha na bilioni 30 za Pakistan. Lakini ili kupata hata hicho kidogo, mtu ataulizwa: nini kilipotea, wapi, lini, cha nani?

Na hapo, ndugu zangu, parokia zetu zina kitu ambacho wizara nyingi hazina. Tunavyo vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo vya miongo mingi, vimeandikwa tarehe kwa tarehe. Hatuna kitabu cha mafuriko. Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zinajua nyumba ipi ilianguka na ng'ombe wa nani walikufa, lakini ujuzi huo huisha pamoja na michango ya pole. Nimewaomba mafrateri wanaokwenda likizo mwaka huu waombe ruhusa kwa maparoko wao, wanunue daftari gumu, na wapite jumuiya kwa jumuiya wakiandika: jina la kaya, kilichopotea, mwezi na mwaka, na shahidi mmoja. Watatu tayari wamerudi na madaftari yao. Moja lina kurasa 41.